Rangi Isihame: Wapenzi wa Harunobu Chini ya Mwavuli Mmoja

Mwaka juzi nilipata oda ya fulana 60 za kamati ya harusi. Mchoro haukuwa na makuu: bwana harusi kwa rangi nyeusi, bibi harusi kwa nyekundu, wameshikana mikono, chini yao tarehe. Rangi mbili, skrini mbili. Nikaprinti nyeusi zote, nikaanika, nikarudi na nyekundu. Kumbe bawaba ya meza ilikuwa imelegea, na kila nikishusha fremu inakaa pembeni kidogo, upana wa punje mbili za mchele. Nilikuja kushtuka niko kwenye fulana ya arobaini na kitu. Mikono ilikuwa haishikani tena. Huyu kanyoosha wake, yule kanyoosha wake, katikati pamebaki ufa mweupe.

Shangazi wa bibi harusi alipokuja kuchukua mzigo aliinua moja kwenye mwanga, akaitazama weee.

"Mwanangu," akasema, "hawa mbona wameachana kabla ya ndoa?"

Zile 43 nilizirudia kwa hela yangu. Usiku ule usingizi ukanipaa, nikakaa na simu nikitafuta jambo moja tu: watu wa zamani, wasio na meza ya chuma wala bawaba, walifanyaje rangi isihame? Ndivyo nilivyofika Edo, mji ambao leo unaitwa Tokyo, na ndivyo nilivyowakuta wapenzi wawili wanatembea kwenye theluji.

Picha yenyewe ni ndogo, kama sentimita 28 kwa 20, pungufu kidogo ya karatasi ya A4. Ni kazi ya mchoraji wa Kijapani, Suzuki Harunobu, ya mwaka 1767 hivi. Mwanamume na mwanamke wamejifunika vichwa kwa vitambaa, wako chini ya mwavuli mmoja uliolemewa na theluji. Kando yao kuna mti wa matawi membamba yaliyolegea, nayo yamebeba theluji vilevile. Mwanamume kavaa nyeusi, mwanamke nyeupe. Watu wa sanaa wameizoea kwa jina la Kunguru na Korongo. Korongo anayekusudiwa ni yule mweupe pe, ndugu yake yangeyange anayefuata ng'ombe wetu huku. Kwa hiyo mimi kichwani mwangu naiita Kunguru na Yangeyange, na sijali.

Hakuna kinachotokea. Hawabusiani, hawakumbatiani, hawasemi. Wanatembea tu, mabega yamekaribiana jinsi yanavyokaribiana ya watu wawili wenye mwavuli unaomtosha mmoja. Kwa Wajapani hilo peke yake ni tamko. Mpaka leo wanafunzi wao huchora mwavuli ubaoni, wakaandika jina la mvulana upande mmoja wa mpini na la msichana upande wa pili, kama huku tunavyochonga moyo na mshale kwenye dawati. Na mtu wa Edo aliyenunua picha hii alikuwa na jambo lingine kichwani. Katika michezo ya vikaragosi na ya jukwaani, wapenzi waliokatazwa kuoana walikuwa na safari yao maalumu, matembezi ya mwisho ya wawili kabla ya kujiua pamoja. Michezo hiyo ilipendwa mno hata serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, ikaipiga marufuku miaka ya 1720, kwa sababu watu walikuwa wanaiga. Harunobu hakuchora kisu wala kaburi. Kachora theluji, na wawili wanaotembea bila haraka.

Niliipakua kwa ukubwa wake wote, maana majumba kadhaa ya makumbusho yenye nakala za kazi zake yameziweka mtandaoni bure, nikaikuza mpaka nikaona nyuzi za karatasi. Nilikuwa natafuta ufa. Mtu wa kazi yangu hatazami picha, anatazama kingo: pale nyeusi inapokutana na nyeupe, pale rangi inayochungulia kwenye pindo la chini inapogusa mstari. Sikuuona.

Kabla ya hapo Wajapani walikuwa wakichapa picha kwa ubao mmoja wenye wino mweusi, na mwenye kutaka rangi aliipaka kwa mkono, nakala moja moja. Miaka ya 1740 wakaanza kuchapa rangi mbili, hasa waridi na kijani, mara nyingine na ya tatu. Ni picha nzuri, lakini ukizitazama kwa muda unachoka, kama kula wali kwa mchicha kila siku. Halafu ukaja mwaka 1765, na ndani ya miezi michache mambo yakageuka kabisa. Rangi tano, saba, hata kumi kwenye karatasi moja, na mandhari ya nyuma imejazwa rangi badala ya kuachwa wazi. Wakaziita nishiki-e, yaani picha za zari. Mji wa Kyoto ndio uliosifika kwa vitambaa vya zari, na Edo iko mashariki yake, basi watu wa Edo wakajigamba kwamba hii ndiyo zari ya mashariki.

Kilicholeta mageuzi hayo ni kalenda, na hapa ndipo nilipocheka peke yangu.

Mwaka wao ulifuata mwezi, na kila mwezi ulikuwa na siku 29 au 30. Sisi tunaofunga kwa mwezi kuandama tunalijua hilo. Ila wao mpangilio wa miezi mikubwa na midogo ulibadilika kila mwaka, na madeni yalilipwa mwisho wa mwezi, kwa hiyo kila nyumba ilihitaji kujua mwezi gani utakata siku ya 29. Serikali ilihodhi biashara ya kalenda na kuwapa wachapaji wachache kibali. Wenye nazo wakatafuta njia ya pembeni: wakawa wanachapisha picha za kupeana mwaka mpya, na namba za miezi mikubwa zikafichwa ndani ya mchoro. Anayepewa afumbue mwenyewe. Mwaka 1765 mchezo huu uliwapanda kichwani. Kundi la washairi na masamurai wenye fedha wakawa wanakutana kushindana nani ana kalenda nzuri zaidi. Mmoja wa vinara wao alikuwa Ōkubo Jinshirō, samurai wa shogun aliyejiita Kyosen katika ushairi. Mchoraji wao mkubwa alikuwa Harunobu, mtu wa miaka arobaini hivi, ambaye mpaka hapo hakuwa na jina kubwa.

Kuna moja ya mwaka huo naipenda karibu sawa na ile ya theluji. Mvua ya ghafla imeshuka, mwanamke anakimbilia kuanua nguo iliyoanikwa kwenye mti wa mianzi, kiatu kimoja cha mbao kimemchomoka mguuni na hana muda nacho. Nguo inapepea. Ukiitazama ile nguo vizuri, maua yake si maua. Ni maandishi: mwaka wa pili wa enzi ya Meiwa, mkubwa, 2, 3, 5, 6, 8, 10. Kalenda nzima ya mwaka imeanikwa mwanzini inalowa.

Nikamwonyesha mama. Alivaa miwani, akaitazama, akasema, "Ala, kumbe na wao huandika kwenye nguo." Mama ana kanga ya bibi ambayo haivaliwi tena, imekunjwa sandukuni, na siku zote ametuambia kwamba ilitoka Japani. Zamani nilidhani ni maneno ya wazee. Kumbe ni kweli kwamba kwa miaka mingi ya karne iliyopita viwanda vya Japani vilichapa kanga kwa ajili ya pwani yetu, majina ya Kiswahili kwenye pindo na kila kitu. Sisemi kwamba Harunobu na kanga vina undugu. Nasema tu kwamba mtu wa Mombasa au Unguja hahitaji kufundishwa maana ya nguo yenye ujumbe ambao si kila mpita njia ataupata.

Basi, turudi kwenye fedha, maana ndizo zilizofanya kazi. Alama za kuzuia rangi isihame zilikuwapo tangu siku za waridi na kijani. Ubao mzuri ulikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kusema "ongeza rangi nyingine, nalipa." Mchapaji wa kawaida hawezi kuchonga mbao nane kwa picha ya kuuza rejareja asiyojua kama itanunuliwa. Kyosen na wenzake hawakuwa wanauza, walikuwa wanaringa. Wakanunua karatasi nene na laini, ile ya nyuzi za mmea wa jamii ya mforosadi, inayovumilia kukandamizwa mara nyingi bila kuchanika. Wakalipa wachongaji na wachapaji hodari. Kwenye baadhi ya kalenda zile wameandikwa wote, aliyetoa wazo, mchoraji, mchongaji na mchapaji. Zilipopendwa, wafanyabiashara wakachukua mbao zilezile, wakaondoa namba za miezi, wakaondoa na majina ya matajiri, wakazichapa upya kwa ajili ya soko. Jina la Harunobu likabaki. Ya mchongaji na mchapaji yakapotea, na mimi kama mchapaji nimelisikia hilo kooni.

Sasa ile alama. Wanaiita kento. Nilitarajia chombo, kumbe ni makato mawili tu kwenye ubao. Kwenye kona moja kuna pembe iliyochongwa kama herufi L, na mbele yake, kwenye ukingo uleule, kuna mstari mfupi ulionyooka. Mchapaji anashika karatasi, anaingiza kona yake kwenye L, anailaza mpaka ukingo uguse ule mstari, kisha anaiachia ishuke. Basi. Kila ubao una makato yaleyale mahali palepale.

Uhodari uko kwenye namna makato yalivyofika huko. Mchoraji anachora kwa wino kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji anaibandika kifudifudi juu ya ubao wa mcheri wa porini, mti mgumu wenye nyuzi za karibu karibu usiopinda ovyo, kisha anachonga kupitia karatasi ileile, kwa hiyo mchoro wa asili unakufa hapohapo. Anaacha mistari imesimama, na pamoja na mistari anachonga kento. Ubao huo wa kwanza unachapwa nakala kadhaa kwa wino mweusi, nazo zinatoka na mistari pamoja na alama. Mchoraji anaonyesha kwenye kila nakala rangi moja ikae wapi. Kila nakala inabandikwa kwenye ubao wake, inachongwa, na alama zinahamia nayo. Kwa maneno mengine, hakuna anayepima kwa rula. Ubao wa kwanza unazaa wengine, na watoto wote wanatoka na kovu la mama.

Halafu kuna maji. Karatasi lazima iwe na unyevu ndipo inywe rangi, na karatasi yenye unyevu inatanuka. Ikikauka katikati ya kazi, inasinyaa, na rangi ya sita haitaangukia pale rangi ya kwanza ilipo hata kama kento ni kamilifu. Kwa hiyo mchapaji analinda rundo zima libaki na unyevu mmoja tangu asubuhi mpaka jioni. Rangi anaipaka ubaoni kwa brashi, pamoja na gundi ya wali, analaza karatasi, anasugua mgongo wake kwa kisahani kilichofunikwa ganda la mwanzi. Mamia ya karatasi kwa rangi moja, kisha anarudi mwanzo na ubao wa pili. Niliposoma hayo nikaitazama bawaba yangu iliyolegea nikaona aibu.

Kwenye theluji ya Harunobu kuna kitu ambacho simu yangu haikunionyesha. Sehemu nyeupe nyingi hazikupakwa kitu, ni karatasi yenyewe. Lakini si tupu. Mchapaji aliikandamiza juu ya ubao uliochongwa usio na rangi, mpaka mchoro ukaacha mbonyeo. Wengine walitumia kiwiko, maana kile kisahani hakitoshi nguvu. Theluji inainuka kidogo, nguo nyeupe inapata nakshi isiyo na rangi yoyote. Picha ikitazamwa moja kwa moja chini ya taa, mbonyeo hauonekani. Mpaka uinamishe karatasi na mwanga uje kutoka ubavuni.

Binti ya shangazi yangu anaishi Marekani, kwenye jiji lenye makumbusho makubwa, nikamwomba akapite anitazamie. Akaniletea ujumbe wa sauti: "Mdogo wangu, picha zako zimelala kabatini gizani. Wanasema mwanga unazila, wanazitoa kwa zamu tu." Alikuwa amekwenda mpaka na mwavuli, mtu wa watu.

Mwanga unazila kweli. Nyekundu yao ilitoka kwenye ua la kartamu, mmea wa jamii ya alizeti, nayo haipatani na jua. Bluu ya wakati ule ilitoka kwenye petali za ua dogo la porini, na hiyo ni laini mno, maji kidogo tu au hewa ya unyevu na inageuka rangi ya mchanga. Bluu ya kutoka Ulaya iliyokuja kumpa mchoraji Hokusai na wenzake bahari zao ilienea Japani karibu na 1830, Harunobu hakuwahi kuishika. Kwa hiyo anga nyingi na mito mingi tunayoiona leo kwenye picha zake kama kahawia pole ya chai, yeye aliiacha ikiwa bluu. Tunasifu utulivu wa rangi zake, kumbe sehemu ya utulivu huo ni uzee.

Ndiyo maana naamini, na hili ni langu, Kunguru na Yangeyange imetuvuta kuliko nyingine kwa sababu imezeeka vizuri. Nyeusi ni masizi na gundi, na masizi hayachuji. Nyeupe ni karatasi. Miaka 250 imepita juu yao na haikuwa na mengi ya kula.

Lakini sitaki kumfanya Harunobu malaika. Nyuso zake zote ni moja. Macho kama mikato ya wembe, mdomo kama punje, mikono midogo ya mtoto. Wanaume wake vijana na wanawake wake huwezi kuwatenganisha mpaka utazame nywele au upanga kiunoni, na kwenye ile ya theluji vitambaa vya kichwani vimefunika hata ushahidi huo. Zamani liliniudhi. Siku hizi naona anachora kile kinachopita kati ya watu wawili na hana haja na pua zao. Kwenye mfululizo wake wa mandhari nane za sebuleni, wa mwaka 1766, alichukua mada nane za kale za Kichina za maziwa na milima, akazishusha nyumbani: tanga za mashua zinazorejea zikawa taulo inayopepea kwenye kitundikio, kengele ya hekalu ya jioni ikawa saa ya nyumbani. Alikuwa na utani huo kila mahali. Mwaka 1770 ukatoka hata mfululizo wa picha za faragha wenye mhusika anayeitwa Maneemon, mwanamume aliyekunywa dawa akawa mdogo kama harage, akazunguka nchi nzima akichungulia watu wakipendana. Hizo sizielezei zaidi, mama anasoma blogu hii.

Kinachonikaa vibaya ni Yoshiwara. Mwaka huohuo wa 1770 kilitoka kitabu chake cha juzuu tano cha warembo wa mtaa ule wenye kuta, mtaa wa madanguro yenye leseni ya serikali. Wanawake wale wengi waliuzwa na familia maskini wakiwa wasichana wadogo, wakafungwa kwa mikataba ya deni. Kwenye karatasi wanasoma barua na kutazama maua, kwa utulivu uleule wa wapenzi wa kwenye theluji, na nguo zao zina zari ileile. Uchapaji ni mzuri kiasi kwamba unaweza kusahau. Mimi nimeamua kutosahau na kuendelea kutazama, yote mawili.

Mwingine aliyempa umaarufu ni Osen, msichana aliyeuza chai kwenye kibanda karibu na hekalu la Kasamori. Harunobu alimchora mara nyingi mpaka watu wakawa wanakwenda kule si kwa sala wala chai, wanakwenda kumtazama yeye. Karibu na 1770 Osen akaondoka kibandani, akaolewa na mtumishi wa shogun. Wateja waliofika wakamkosa.

Mwaka huohuo Harunobu akafariki, akiwa na umri wa miaka 45 hivi. Tangu zile kalenda ilikuwa imepita miaka mitano, na katika muda huo mfupi alikuwa amechora zaidi ya picha 1,000 tofauti. Soko halikutaka kuamini. Kijana mmoja, Shiba Kōkan, ambaye baadaye angesifika Japani kwa kuchapa picha kwa bamba la shaba, akachora za bandia kwa jina la marehemu na zikauzwa. Alikuja kukiri mwenyewe uzeeni, kwa maandishi, na ukisoma unahisi anajisifu kidogo: hakuna aliyeshtuka. Wajuzi bado wanabishana juu ya karatasi kadhaa.

Juzi Jumapili nilimwomba fundi seremala wa jirani kipande cha mninga. Nikachonga kento kwenye kona, L na mstari, nikaikosea mara mbili. Katikati nikachonga mwavuli, kwa kisu kisichofaa. Nikalowesha karatasi nene ya kuchorea, nikailaza, nikakandamiza kwa kiwiko mpaka mkono ukafa ganzi. Sikupaka rangi yoyote.

Mke wangu akaingia akaniona nimeinama juu ya meza kama mtu anayeumwa. Akaichukua ile karatasi, akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma.

"Mbona haina kitu?"

"Inamisha kwenye taa."

Akaenda mpaka kwenye taa ya jikoni, akainamisha. Akanyamaza.

"Ni uyoga?" akauliza.